Wauza prosesa mtumba, tuandikieni soketi

Mhariri, salamu kutoka Nkuhungu hapa Dodoma, vumbi la kiangazi linatumaliza sisi na mashine zetu. Naomba kanafasi niseme na hawa ndugu zetu wanaouza spea za kompyuta zilizotumika maana mi yamenikuta.

Nina kisteshenari, nachapa barua, CV na risechi za wanachuo. Mashine yangu niliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, ndani ina prosesa (ndo ubongo wa kompyuta) ya Intel, i3-530, na siku hizi imekuwa nzito mpaka mteja anamaliza soda ukurasa haujafunguka. Kijana wangu wa dukani akasema mama weka i5 itapaa. Basi nikampigia muuzaji mmoja wa Dar nikamwambia nataka CPU, akauliza boksi zima au prosesa (si unajua huku kwetu CPU ni lile kasha lote, shida inaanzia hapo hapo), nikamwambia prosesa, i5. Akasema ninayo i5-2400, nikamuuliza itaingia kwenye yangu kweli, akacheka, eti dada i5 ni i5 tu. Nikatuma hela, kesho yake mzigo ukashuka na basi.

Fundi akaja, akatoa feni, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama udongo wa kichuguu, akaweka hiyo i5. Haikai. Ukiziangalia kwa macho ile ya zamani na hii mpya ni mapacha, zote mraba wa milimita 37.5, chini zote zina vidoti vya dhahabu, ila ubavuni kuna vipengo viwili na vipengo vya hii havikutani na vijino vya soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Sasa wateja wamejaa wanaangalia, fundi kaona aibu, akabana kile kishikio cha soketi kwa nguvu. Tukasikia kitu kimelia. Kufungua, pini tatu zimelala, maana kwenye hizi Intel pini ziko kwenye mazabodi siyo kwenye prosesa, na ni nyembamba kama unywele.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole sana, ndo alizinyanyua kwa sindano ya cherehani na tochi ya simu, kama nusu saa hivi hakuna anayeongea dukani, na ndo akanifundisha. Kumbe i5-2400 ni ya soketi 1155 iliyotoka 2011 na mashine yangu ni ya soketi 1156 iliyotoka 2009, hiyo namba ni idadi ya pini, pini moja tu ndo inazidi ila haziingiliani kabisa hata ufanyeje. Akasema angalia namba baada ya i3 au i5: zikiwa tarakimu tatu kama 530 au 650 hiyo ni 1156, zikiwa nne zikaanza na 2 au 3 ni 1155, ikianza na 4 ni 1150, 6 na 7 ni 1151. Alafu hapo kuna mtego mwingine, za 8 na 9 nazo zinaitwa 1151 na zinakaa vizuri tu lakini kwenye bodi za 6 na 7 haziwaki, kwahiyo hata kukaa nako siyo kuwaka. Hizi namba ni za kompyuta za mezani, laptop ni habari nyingine.

Na kujua soketi yako wala huhitaji kufungua kasha, kuna kiprogramu cha bure kinaitwa CPU-Z, kwenye mstari wa Package kinakuandikia kabisa Socket 1156 LGA. Kama mashine haiwaki ndo utoe feni usome maandishi ya juu ya prosesa, na soketi yenyewe mara nyingi imechapwa namba pembeni.

Mwisho niliweka i5-650. Nilitaka 760 mzee akanikataza, ile haina grafiki ndani, bila kadi ya grafiki pembeni skrini ingebaki nyeusi. Kusema ukweli tofauti na ile i3 siyo kubwa kihivyo, bora hela ile ningenunua SSD, ile diski ya kuhifadhia yenye kasi.

Sasa ninachoomba ni kidogo, mnapotangaza prosesa andikeni soketi, siyo "i5 kali sana bei poa". Kuandika namba nne kunagharimu nini? Yule muuzaji hapokei tena simu zangu. Ile i5-2400 ipo kwenye droo yangu pamoja na chenji, nzima kabisa, na bahasha nimeiandika kwa makapeni: SOKETI 1155. Mwenye bodi yake hapa Dodoma aje na namba kwanza ndo tuongee bei.

Mama Steshenari,
Nkuhungu, Dodoma