Onyo la mvua litufikie kabla hatujalala

Mhariri,

Kila mvua inapokaribia, sisi wa miteremko ya Marakwet Mashariki, Kenya, huambiwa tuhame kwa hofu ya maporomoko ya ardhi. Tuhamie wapi, na mahindi hayajavunwa? Novemba 2019 majirani zetu wa Pokot Magharibi walifukiwa usiku wakiwa usingizini. Aprili 2020 matope yakazoa soko la Chesegon, tena usiku.

Kwangu, vitambulisho na hati ya shamba viko kwenye mfuko wa plastiki karibu na mlango, na tochi juu yake. Mvua ikishinda siku nzima, watoto hulala kwa shangazi yao, mbali na korongo. Mume wangu hucheka, acheke tu.

Ila dalili za maporomoko hazifundishwi kwenye baraza: ufa mpya shambani, mlango unaokwama ghafla, kijito kinachokauka huku mvua inanyesha, maana huenda udongo umekiziba huko juu. Wazee wanaokagua mifereji yetu ya kumwagilia huyaona hayo kabla ya ofisi yoyote. Kaunti iwape kipimamvua, viatu vya mpira, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea saa nane usiku.

Mama wa watoto wanne,
Bonde la Kerio