Wanangu wa Kidato cha Nne, Anzeni na Vipande

Wanangu wa kidato cha nne hapa Mombasa, salaam.

Wengi wenu mkifika kwenye intigresheni, ile hesabu ya kutafuta eneo lililo chini ya mstari, mnakariri tu: ongeza kipeo kimoja, gawanya, basi. Nawasihi msianzie hapo. Anzeni na vipande.

Chukueni y = x², kuanzia 0 hadi 4. Lile eneo la chini ya mstari likateni vipande vinne, kila kipande mkihesabu kama trapeza, umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba: mtapata 22. Kateni vinane: 21.5. Jibu kamili ni 64/3, yaani 21.33 hivi. Sasa litazameni kosa. Lilikuwa 0.67, limebaki 0.17, robo yake, na vipande vimezidi mara mbili tu! Mwanahisabati Leibniz alipoiandika ile alama ndefu ya intigresheni, ∫, mwaka 1675, ilikuwa herufi S, ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Ni kujumlisha, wanangu, msiogope.

Takwimu nazo nilifundishwa na bambo, kile chuma chenye ncha cha kudungia magunia, ghalani Kilindini. Gunia la mchele halifunguliwi. Unalidunga, punje zinateremka kiganjani, unatazama chenga, unanusa, unasikiliza unyevu kwa vidole. Kiganja kimoja kinasemea shehena nzima. Ila sampuli ni ngumu kuliko vipande: ukitaka kosa lipungue nusu, shurti sampuli iwe mara nne. Ukiwauliza watu 400 wanaovuka feri Likoni, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, mara 95 kwa 100 jibu lako halitapotoka zaidi ya asilimia 5 hivi, juu au chini. Ukitaka 2.5, uliza 1,600.

Na hayo ni kama umechagua kwa haki. Nilipokuwa kijana, siku moja nilidunga magunia ya juu peke yake, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono. Nikasema mzigo mkavu, ikaandikwa. Ya chini yalikuwa yamelowa, yamekwisha ota ukungu. Hata ningedunga yote ya juu, bila kuacha hata moja, ningekosea vilevile. Mpaka leo harufu ile naikumbuka.

Kwa hiyo mkipewa jedwali la takwimu darasani, kabla ya kutafuta wastani mwulizeni mwalimu: hawa waliohesabiwa walipatikanaje, na ni nani hakufikiwa?

Ni mimi babu yenu,
Mombasa.