Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza 2026: Habari za Walimu na Wafanyakazi Wetu

Moshi, Juni 2026

Kwa wazazi na walezi wote,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu Walutheri na wa madhehebu mengine, Bwana asifiwe. Na kwa wazazi Waislamu ambao watoto wao tunawalea pamoja na wetu, Asalaam aleykum.

Taarifa ya maendeleo ya mtoto wako imo katika bahasha hii hii, pamoja na karatasi ya ada ya muhula wa pili, kwa hiyo sitazungumzia alama. Nimeamua barua ya muhula huu iwahusu walimu na wafanyakazi wa shule, kwa sababu tangu Pasaka maswali mengi mliyoniletea ofisini yamewahusu wao: kwa nini mwalimu fulani haonekani, nani atashika Hisabati ya Darasa la Saba, na kwa nini mwaka huu hatutakuwa na masomo ya likizo. Majina sikuyaandika, kwani najua kwamba kabla jua halijatua barua hii itakuwa imefika kwenye makundi ya WhatsApp, na uzazi wa mtu au msiba wake si jambo la kutembezwa pamoja na jina lake. Watoto wenyewe watawaambieni ni nani.

Nianze na wanaotuaga. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa madarasa ya juu ametimiza miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima kwa wanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na mwezi huu anakabidhi vitabu. Baadhi yenu mlisoma kwake kabla ya kumletea watoto wenu. Wiki iliyopita nilipitia rundo la mwisho la insha alizosahihisha, madaftari ya darasa zima, na katika kila daftari nilikuta jambo lile lile: hakuna kosa lililopigwa mkwaju likaachwa hivyo. Pembeni ameandika neno linavyopaswa kuandikwa, na chini ya insha ameweka sentensi mbili au tatu kwa mkono wake, zenye jina la mtoto, zikieleza lililo jema na la kurekebisha. Kazi ya namna hiyo haifanyiki katika saa za vipindi. Hufanyika usiku nyumbani, miaka nenda miaka rudi, na hakuna fomu inayoihesabu. Anarudi Kibosho kwenye migomba na kahawa yake. Misa ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake itafanyika siku ya kufungua shule, na ye yote anayependa kumpa mkono wa kwaheri atamkuta hapo.

Walimu wawili vijana wametuacha katikati ya muhula baada ya kupata ajira serikalini. Najua jambo hili liliwaudhi baadhi yenu, hasa wazazi wa Darasa la Nne, ambalo lina upimaji wa kitaifa mwaka huu. Mimi siwalaumu. Ajira ya Serikali ina uhakika ambao shule kama yetu haiwezi kuushinda kwa urahisi, na kijana mwenye wadogo zake wa kusomesha ana haki ya kuutafuta. Mishahara ya walimu wetu hailipwi na Serikali. Inatoka kwenye ada mnayolipa, na humo humo hutoka asilimia 10 ambayo shule huchangia NSSF kwa kila mtumishi, juu ya asilimia 10 anayokatwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu anapoondoka, swali ninalojiuliza ni kama tulimtunza ipasavyo alipokuwa kwetu. Nitarudi kwenye hilo, kwa kuwa ndilo hasa lililonifanya niandike kwa urefu.

Sista aliyekuwa mlezi wa wasichana amehamishwa na shirika lake, naye amekwenda kwa utii kama ilivyo desturi ya watawa. Ofisi ya Elimu ya Jimbo imetuhamishia mwalimu wa Hisabati na Sayansi kutoka shule nyingine ya jimbo huko Rombo, ambaye atashika Darasa la Sita na la Saba kuanzia Julai. Mwalimu mpya wa Kiingereza ameshaanza. Nimeingia darasani kwake, na nimeridhika.

Mwalimu wa Darasa la Pili amejifungua mapacha salama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na anapojifungua zaidi ya mtoto mmoja hupewa siku 100, kwa hiyo msimtarajie mapema. Atakaporudi, sheria hiyo hiyo inamruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, nasi tumekwisha kupanga ratiba ili vipindi vyake vyote viwe kabla ya saa sita mchana. Nawashukuru sana akina mama wa Darasa la Pili waliopeana zamu ya kumpelekea mtori tangu alipotoka hospitali. Shule haikuwaomba, na yeye mwenyewe ameniambia kwamba wiki ile ya kwanza hakuwa na nguvu hata za kuosha sufuria.

Mpishi wetu mkuu amefiwa na mama yake mzazi mwezi wa Aprili. Walimu walikodi Coaster wakaenda naye msibani, na padre mlezi wa shule aliongoza ibada ya mazishi. Amerudi kazini, lakini naomba watoto waelezwe nyumbani kwamba shangazi yao wa jikoni bado ana majonzi, ili wampokee kwa upole.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi. Katika mwezi wa Mei, badala ya kikao cha wafanyakazi wote ambacho wenye sauti kubwa hujibu kwa niaba ya wengine, padre mlezi na mimi tulikaa na kila mwalimu, mpishi, dereva na mlinzi, mmoja mmoja, tukamuuliza anaishije. Nilidhani jambo la kwanza litakuwa mshahara. Mshahara ulitajwa, lakini lililotajwa na karibu kila mwalimu kabla ya mshahara lilikuwa uchovu.

Naomba mzazi aelewe uchovu huu unatoka wapi mwaka huu, kwa kuwa una sababu maalumu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, ukapanda kila mwaka, na sasa umefika Darasa la Tano. Darasa la Sita na la Saba bado wanasoma mtaala wa zamani. Mwalimu anayefundisha Hisabati Darasa la Tano na la Sita anaandaa maazimio mawili ya kazi yasiyofanana, anafuata mihtasari miwili na vitabu viwili, na bado ana vikao vya kila wiki vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwaka 2027 watoto walio Darasa la Tano leo watamaliza elimu ya msingi wakiwa Darasa la Sita, sambamba na walio Darasa la Sita leo watakaomaliza wakiwa Darasa la Saba. Madarasa mawili ya mwisho kwa mwaka mmoja, walimu wale wale. Ongezeni hapo masika ya mwaka huu, ambayo yaliwafanya walimu wanaotoka Uru na Kibosho kufika shuleni na matope magotini, wakiwa wameshuka kwenye pikipiki iliyokwama njiani, na saa moja kasorobo mwalimu wa zamu awe getini akiwapokea watoto wenu kwa uso mkunjufu.

Mwalimu aliyechoka hukaripia kwanza ndipo aulize. Nimeliona hili kwa macho yangu, na ndiyo sababu siwezi kuuona ustawi wa walimu kama jambo la ofisi yao peke yao. Mtoto asiyeelewa kugawanya sehemu huhitaji mtu wa kumweleza mara ya nne bila kuinua sauti, na subira ya mara ya nne haimo kwa mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu.

Lililofuata baada ya uchovu lilikuwa simu. Makundi ya madarasa tuliyaanzisha kwa nia njema, ili mzazi ajue kazi ya nyumbani na siku za mikutano. Lakini ujumbe unaoingia saa nne usiku ukiuliza kwa nini mtoto amepata 62, kisha mwingine saa tano ukiuliza kwa nini wa kwanza haujajibiwa, humfikia mwalimu akiwa na mtoto wake mgongoni na madaftari mezani. Kuanzia muhula wa pili makundi yote ya madarasa yatafungwa saa 1:00 usiku na kufunguliwa saa 12:00 asubuhi, na mwalimu hatalazimika kujibu ujumbe binafsi nje ya muda huo. Kwa dharura ya kweli, kama ugonjwa au mtoto ambaye hajafika nyumbani, pigeni simu ya ofisi. Usiku simu hiyo hubaki kwangu.

La tatu linaumiza kulisema. Baadhi ya watumishi wetu wameingia katika mikopo ya kausha damu, ile ambayo mtu hukopa kwa ajili ya matibabu au ada ya mdogo wake, akajikuta analipa riba kila wiki huku deni liko pale pale. Mtu mwenye mkopeshaji anayemsubiri nje ya geti hawezi kufundisha akiwa na moyo mtulivu. Walimu wenyewe wameanzisha kikundi cha kuweka na kukopa, na bodi ya shule imekubali kukipa mtaji mdogo wa kuanzia. Hapa nasema wazi: ada inapochelewa, mishahara huchelewa, na mshahara unapochelewa ndipo watu hao hukimbilia mikopo hiyo. Mzazi anayetegemea mavuno ya kahawa au mahindi aje tupange awamu zinazolingana na msimu wake, na hatasumbuliwa. Ombi langu ni kwa wale ambao fedha ipo lakini huiweka ada mwisho wa orodha.

Tumeongeza pia mambo machache ambayo ni madogo kwa gharama. Sista mwenye mafunzo ya ushauri nasaha anakuja kila Jumatano jioni, naye huwasikiliza watumishi katika ofisi ya parokia, mbali na shule, na yale wanayomwambia hayafiki kwangu. Jikoni tumehamia kwenye gesi, na wapishi wamepumzika na moshi. Jumamosi moja ya Kwaresima tulikuwa na mafungo Kilema, mahali ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi yao hapa Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nusu ya siku ilikuwa sala na nusu yake ilikuwa kulala na kutembea, bila ajenda, na kwangu nusu ya pili ilikuwa na maana sawa na ya kwanza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu malezi ya Kikristo la mwaka 1965, uliwatambua wazazi kuwa walezi wa kwanza wa watoto wao, na ukaiita kazi ya walimu utume wa kweli. Nayaamini yote mawili. Lakini utume haumwondolei mtu usingizi, njaa, wala ada ya watoto wake mwenyewe, na shule ya Kanisa ingekuwa ya mwisho kustahili kumdai mwalimu sadaka ambayo yenyewe haiko tayari kuitunza.

Hivyo ndivyo ninavyofika kwenye masomo ya likizo. Wazazi wa Darasa la Tano, la Sita na la Saba waliandika barua wakiomba watoto wabaki shuleni Juni yote, na wakajitolea kulipa. Nimeisoma kwa heshima, na jibu ni hapana. Watoto wamesoma tangu Januari, na walimu wao pia. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora mwaka 2023, lakini naona bado tunaziandika orodha hizo wenyewe, kila parokia na yake, na hofu ya kushuka ndani ya orodha zisizokuwepo ndiyo inayotaka kula likizo ya watoto. Darasa la Saba watapewa mazoezi ya kurudia mada, kurasa chache kwa siku. Nusu ya pili ya siku wawasaidie nyumbani, walale, wakamsalimie bibi.

Neno la mwisho ni kuhusu malalamiko. Kuna siku mwezi wa Machi mzazi alimfokea mwalimu getini mbele ya mtoto wake na wenzake. Jambo alilolalamikia lilikuwa na msingi, nasi tulilirekebisha kesho yake. Lakini yule mtoto alikaa siku kadhaa hawezi kumtazama mwalimu wake usoni. Mwenye neno aje ofisini, hata bila miadi, saa 1:30 hadi 3:00 asubuhi, siku yo yote ya kazi. Nitamwita mwalimu na tutaketi watatu.

Mkutano wa wazazi utafuata mara baada ya Misa ya siku ya kufungua shule. Walimu wapya watatambulishwa, na bodi itasoma mahesabu ya muhula, ikiwamo mishahara na michango ya NSSF, ili kila mzazi aone ada yake inakwenda wapi. Watoto waje na sare kamili na sweta, kwa kuwa Julai ni baridi.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu Mkuu