Barua ya wazi kwa vijana wa karakana: umeme ukikatika, toeni mikono kwenye thiknesa

Hamjambo wanangu. Nawaandikia nyie mafundi seremala vijana wa Keko, Buguruni, Manzese na popote mnaposhinda na mashine ya randa ikilia tangu asubuhi, pamoja na nyie vibarua wa dei waka mnaookotwa barabarani mnaambiwa shika hapa sukuma hapa, hata swichi hamjaoneshwa iko wapi. Naandika nikiwa nimekasirika na sifichi, maana nilichokiona wiki iliyopita kwenye karakana moja hapa mtaani kimeninyima usingizi.

Mbao ilikuwa imekwama ndani ya thiknesa, ile mashine ya kuranda mbao zipate unene mmoja, paini ya Mafinga mbichi bado ina maji, maranda yameziba kote. Umeme ukakatika. Basi kijana mmoja, mdogo kabisa, akafungua mfuniko, akainama, akazamisha mkono akaanza kuchokonoa maranda kwa vidole, na swichi iko on, plagi iko ukutani. Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje. Akatoa mkono ananishangaa, "mzee si umeme haupo?" Wenzake wakacheka. Hatujamaliza hata kubishana umeme ukarudi na mashine ikaondoka yenyewe, mfuniko uko wazi, hakuna aliyeigusa. Hapo ndo wakanyamaza.

Sasa hili mnisikilize kuliko mengine yote. Umeme ukikatika mashine haijazimwa, imesimama tu. Kama swichi yako ni ile ya kawaida inabaki on, na umeme ukirudi mota inaanza palepale, haijali nani kaweka nini ndani. Shafti yenye visu vitatu ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, maana yake kisu kinapita mbele ya kidole chako mara 250 kwa sekunde moja. Ukishasikia maumivu ujue mkono umeshaliwa zamani. Na thiknesa haikati kama msumeno, inasaga, daktari mara nyingi anakosa hata cha kushona. Mnaojua mtu aliyepitiwa na ile kitu mnajua ninachosema.

Kwa hiyo umeme ukikatika, au mbao ikikwama, hata kama unataka kufuta vumbi tu, kwanza unazima swichi. Pili unachomoa plagi, unaiweka mahali unapoiona kwa macho yako mwenyewe, siyo kuambiwa na mwenzio "nimechomoa". Kama mashine ni ya fezi tatu na imeungwa moja kwa moja, shusha meni swichi, piga kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni kwa yule anayeingiza mkono, siyo kwa tajiri, siyo juu ya meza, mfukoni kwake. Tatu unasubiri, maana hata ukizima kawaida shafti inaendelea kuzunguka kwa muda, na maranda yanaifunika hata huoni. Nne unashusha meza ya mashine ndo unavuta mbao, alafu maranda unayatoa kwa kijiti au brashi, vidole havihusiki kabisa kwa sababu kisu kilichosimama nacho kinakata. Hiyo kazi yote haizidi dakika tano. Dakika tano tu wanangu, kitanda cha mteja hakiwezi kushindwa kusubiri dakika tano.

Na kuna dawa yake ya kudumu. Mwambieni fundi umeme awawekee swichi ya kontakta, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu. Umeme ukikatika inaachia yenyewe, na ukirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kijani tena. Karakana inayonunua mninga na mkongo haiwezi kuniambia imekosa hela ya kontakta. Ila hata ukiwa nayo plagi bado unachomoa, msije mkaniambia mzee alisema kontakta inatosha.

Kinachoniuma zaidi ni ule msemo mchafu wa karakana zetu, kwamba fundi ambaye hajakatika kidole bado hajawa fundi. Nimeusikia tangu nakua kwenye hii kazi na mpaka leo mnawarithisha watoto. Nani aliwaambia ufundi ni kutoogopa mashine? Fundi aliyenifundisha mimi alizikwa na vidole vyake kumi, milango yake ya mvule ipo mpaka leo inafunguka na kufunga bila kugoma, na huyo mtu alikuwa hasogezi uso kwenye mashine bila kushika plagi mkononi. Wanaojiita wakali walimcheka, na baadhi yao waliishia kuuza mashine zao kwa sababu mkono mmoja hauwezi kubeba mbao. Kijana anayeingia karakana anaangalia wakubwa wanafanya nini, na wewe ukichokonoa kwa mkono leo, yeye kesho atachokonoa kwa mkono huku akiamini ndo utaalamu wenyewe.

Mengine nayasema haraka maana mengi mnayajua, mnapuuza tu. Usisimame nyuma ya mbao unapoiingiza, simama pembeni, ikirudishwa inarudi kwa nguvu ya kuvunja mbavu, na zile kucha za kuzuia mbao isirudi zisafisheni utomvu ziwe zinaanguka zenyewe, siyo mnazifunga kwa waya eti zinakwaruza. Usiiname kuchungulia ndani. Usirande mbao fupi, pima umbali kati ya rola ya mbele na ya nyuma, mbao isiyofika hapo inaachiwa juu ya visu bila kushikwa na kitu, mashine nyingi hizo inchi 12 ndo urefu wa chini kabisa, kwa hiyo randa ikiwa ndefu kisha ndo ukate vipande. Usiingize mbao mbili za unene tofauti kwa pamoja. Usile unene mwingi kwa mara moja, milimita moja na nusu inatosha, mninga mpana punguza zaidi, paini laini unaweza ukasogea kidogo. Glavu hapana, zinavuta mkono ndani. Shati la mikono mirefu linaning'inia hapana, cheni hapana, simu sikioni hapana. Mbao za kubomolea na za ujenzi kagueni misumari na zege kwanza, pitisheni sumaku, msumari mmoja unamegua kisu na kipande kinaruka. Masikio zibeni, na pua pia, hasa mkitengeneza mkongo na mvule mnajua wenyewe chafya zake, na vumbi la mbao taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, imeliorodhesha tangu 1995 kwamba linasababisha saratani kwa binadamu. Sigara izimwe nje, maranda yafagiliwe kila jioni. Na maranda ya mbao za dawa zile zenye rangi ya kijani msiwauzie wafugaji wa kuku, ile dawa ina sumu.

Visu navyo nivisemee kidogo. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, mbao inagonga, inaungua inakuwa nyeusi, mota inalia, luku inakimbia, alafu kijana anaanza kusukuma kwa nguvu na kifua chake kiko usawa wa mbao. Noeni vyote kwa pamoja vibaki na uzito mmoja, ukinoa kimoja peke yake shafti inayumba na beringi zinakufa. Kabla ya kufunga safisha kabari, kile chuma kinachobana kisu, na mfereji wake, punje moja ya utomvu inatosha kufanya kisu kisikae. Kisu kitokeze nje kama milimita moja tu na vyote viwe sawa, pima kwa kipande cha mbao kilichonyooka. Bolti za kabari kaza kidogo kidogo ukianzia katikati kwenda pembeni, zote, alafu rudia zote tena, maana kisu kilichofungwa na bolti moja iliyolegea kikitoka mle ndani ni risasi. Zungusha shafti kwa mkono mzunguko mzima, ukitumia kijiti, hakikisha hakigusi popote, ndo urudishe plagi, na ikiwaka mara ya kwanza wote mkae pembeni. Mkanda ukilegea kaza, beringi ikipata moto au ikilia badilisha, nguzo za meza na mnyororo wa rola vipate oili, meza isuguliwe nta ili mbao iteleze.

Nyie matajiri wenye karakana, na nyie mnasomewa hii barua. Mnachukua mtoto wa watu kutoka mkoani asubuhi, saa nne yuko kwenye mashine, hamna aliyemfundisha, hamna mkataba, na akiumia mnampa nauli arudi kwao. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, karakana inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na sehemu zinazozunguka ziwe zimekingwa. Kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini ya 2008 na mfuko wake wa WCF ulianza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mnajua haya yote. Mnasema biashara ngumu, na mi najua ni ngumu, lakini huyo kijana ana mama yake anayesubiri hela ya unga, akirudi na kigutu nani atamlimia shamba? Na sisi wateja pia tuna lawama yetu, tunataka kabati kwa Jumamosi kwa bei ya kutupa, tunapiga simu mara kumi kwa siku, alafu tunashangaa mafundi wanakimbizana na mashine.

Ikitokea mtu ameumia, jamani, msimwagie kahawa, majivu wala mafuta ya breki kwenye kidonda. Bana kwa kitambaa safi kwa nguvu, inua mkono juu ya moyo, pandisha mtu kwenye bodaboda au bajaji saa hiyohiyo. Kidole kilichotoka kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mfuko ndo uwekwe kwenye barafu, barafu isiguse kidole chenyewe. Wakati mwingine kinarudishwa, mkiwahi.

Yule kijana wa wiki iliyopita baba yako siyo mimi lakini nimekuona kama mwanangu, ndo maana nilikufokea mbele za watu. Jumamosi hii baada ya saa kumi jioni nitakuwepo karakana kwangu, mashine itakuwa imechomolewa, njoo na wenzako na visu vyenu butu tunoe na kufunga pamoja, na atakayekuja na tajiri wake namkaribisha zaidi.

Mzee wenu, fundi seremala, Keko.