Kopo sikutumii

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu jikoni. Eti nikutumie kwa basi "ile dawa ya Kihindi", kwa kuwa umeniona kwenye picha za harusi nimepungua, na wewe mwezi wa tatu huu huzioni siku zako na hata madera yanakubana. Sikutumii. Usininunie, soma kwanza.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa kitinda mimba: kilo 84, nywele zinabaki kwenye kitana, na joto lote hili la Mombasa nami nimejigubika shuka. Damu ilipopimwa, ikaonekana tezi ya shingo imelala. Nikapewa vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya tezi yenyewe. Uchovu ukaisha, unene ukabaki palepale. Kumbe tezi ikilala hukuongezea kilo chache tu, tena nyingi ni maji na chumvi. Zilizobaki nilizitafuta mwenyewe kwa mahamri.

Ndipo nikaletewa kopo la unga wa ashwagandha, mzizi wa dawa ya Kihindi. Kwa Kisanskriti jina hilo ni "harufu ya farasi", na ukifungua kifuniko utakubali. Kijiko kimoja kwenye maziwa vuguvugu kila usiku. Wiki ya kwanza nililala fofofo, nikaisifia kwa kila aliyebisha hodi. Kufika ya sita, moyo wanidunda hali nimekaa kitako. Siku moja namimina chai, birika likatetemeka mpaka mwanangu akanipokea.

Daktari akapima tena: homoni ya tezi imepita kiasi. "Unatumia nini kingine?" Nikalitoa kopo mkobani kwa haya. Akaniambia mzizi ule nao huweza kuipandisha homoni ileile ninayoimeza kwa kidonge, na wapo watu umewadhuru ini. Mwenye mimba ndiyo kabisa, asiuguse.

Kilichonipunguza ni kingine. Nilimwendea tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, aliyesomea kwao India, na vidonge vyangu nikamwonyesha mwanzo kabisa. Alinishika mkono akasikiliza mapigo, akautazama ulimi, akanihoji habari za choo mpaka nikainamisha uso. Akasema kapha, moja ya nguvu tatu za mwili katika tiba yao, imenizidi: ubaridi, uzito, unyevu. Nikamwambia hayo hata bibi yangu angeyasema, si ndiyo baridi yetu hii tunayosingiziwa kila siku? Akacheka sana. Chakula kikubwa kiwe cha mchana, akasema, cha usiku kiwe chepesi na kiliwe mapema. Usingizi wa mchana hakuna. Nitembee kila asubuhi. Mchuzi upate tangawizi na pilipili manga, nazi nipunguze. Nazi, shoga! Hapo tulivutana.

Miezi minane, kilo tisa. Kidonge sijakiacha, nakimeza kwa maji matupu baada ya sala ya alfajiri na sili kitu mpaka saa nzima ipite. Zamani nilikuwa nakishushia chai ya maziwa, kumbe nakiharibia kazi. Tabibu alinipa triphala pia, unga wa matunda matatu, lakini huo ni wa kulainisha choo. Anayekwambia unayeyusha mafuta anataka pesa zako.

Na unga usio na lebo usiupeleke kinywani. Mwaka 2004 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya dawa 70 za Ayurveda walizonunua madukani Boston: 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Hizo zilikuwa na maboksi yake, sembuse langu nililopewa mkono kwa mkono.

Sasa wewe. Miezi mitatu bila hedhi, cha kwanza ni kipimo cha mimba. Usicheke, una miaka 38 na mume yupo. Ikiwa si mimba, wakupime tezi na sukari, na wakuangalie ovari kwa ultrasaundi, kwa sababu ovari zenye vifuko nazo hukata hedhi na kunenepesha tumbo, na tiba yake si ya tezi kama yangu. Mimi na wewe tunaweza kunenepa sawasawa kwa maradhi mawili tofauti.

Kwa basi la Jumatano nakutumia leso doti mbili, ile ya zambarau ni ya mama. Kopo nimeliweka juu ya kabati. Nipigie majibu yakitoka, hata kama ni usiku.

Mimi shogayo