Risala ya Wahitimu kwa Mgeni Rasmi: Klabu ya Kisiwani Kwenye Ligi ya Ng'ambo

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Mafunzo na walimu wetu,
Viongozi wa klabu na vyama vya michezo,
Wazazi wetu na wageni waalikwa,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha hapa leo. Pili, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo.

Sisi ni wahitimu wa mafunzo ya uongozi wa klabu za soka hapa Unguja. Katika mafunzo haya tulitakiwa kuchagua klabu moja popote duniani, kuichunguza na kutoa maelezo yake mbele ya mgeni rasmi. Ingekuwa rahisi kuchagua Al Ahly au Manchester United. Tumechagua Antigua Barracuda, klabu ambayo hata baadhi ya walimu wetu, tunasema kwa heshima zote, walikuwa hawajawahi kuisikia.

Antigua ni kisiwa cha Karibiani chenye kilomita za mraba zipatazo 280. Unguja inakizidi takriban mara sita. Nchi nzima ya Antigua na Barbuda ina watu wasiozidi laki moja hivi, na mchezo unaotawala huko tangu zamani ni kriketi. Mwaka 2011 klabu mpya ya Barracuda iliingia USL Pro, ligi ya daraja la tatu ya Marekani. Waanzilishi walikuwa na hesabu yao: kijana anayekutana na timu za Marekani kila wiki atakuwa mchezaji mwingine kabisa siku akivaa jezi ya taifa. Kocha Mwingereza Tom Curtis akakabidhiwa klabu na timu ya taifa kwa pamoja.

Uwanjani hesabu hiyo ilijibu. Novemba 2011 Antigua na Barbuda iliifunga Haiti 1-0 kwa bao la Kerry Skepple na kuongoza kundi lake katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2014. Ikapangwa na Marekani, Jamaika na Guatemala. Jamaika ilitoka sare ya bila kufungana kisiwani pale. Oktoba 2012 Marekani wenyewe walikwenda Antigua wakaponea dakika ya 90, Eddie Johnson alipofunga bao la pili na matokeo kuwa 2-1. Kwa nchi ya watu laki moja, hayo ni mambo makubwa.

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, tazama upande wa klabu. Msimu wa 2013 Barracuda ilicheza mechi 26 za ligi, zote nje ya kisiwa, pamoja na zile zilizoandikwa kwenye ratiba kuwa za nyumbani. Ilifungwa zote 26. Haikupata hata sare moja ya kufutia machozi. Msimu ulipokwisha, na klabu ikaisha.

Darasani tulibishana sana juu ya sababu. Wapo waliosema ni kukosa wachezaji, lakini nchi iliyowabana Marekani hadi dakika ya 90 haiwezi kuambiwa haina wachezaji. Tulikubaliana kwamba fedha ndiyo iliyoiua, na fedha ile ililiwa na bahari.

Fikiria msimu wa kwanza. Barracuda iliwekwa kundi moja na klabu tatu za Puerto Rico, pamoja na Los Angeles Blues ya California, iliyo zaidi ya kilomita 5,500 kutoka Antigua. Ligi ilianza Aprili. Mei 10, kabla hata hatujajua nani anacheza vizuri, klabu zote tatu za Puerto Rico ziliondolewa kwa matatizo ya umiliki na uchumi. Majirani waliofanya safari iwe fupi wakatoweka kwa siku moja, kundi likavunjwa, na kisiwa kikabaki peke yake kwenye ligi ya bara. Kila mechi ya ugenini ilikuwa tiketi za ndege, hoteli, na viza ya Marekani kwa kila mchezaji wa Antigua.

Klabu ikicheza nyumbani angalau hupata viingilio na mdhamini wa dukani anayetaka bango lake lionekane. Lakini uwanja mkubwa wa kisasa wa kisiwa, Sir Vivian Richards, ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la Kriketi la 2007. Ukishafika msimu wa kucheza mechi zote ugenini, huna kiingilio, huna bango, na mwanao hakuoni ukicheza. Hapo sisi tunasema klabu ilikuwa imekwisha kufa. Mechi 26 zile zilikuwa mazishi marefu.

Bermuda, iliyoko mbali kidogo kaskazini mwa Karibiani, ilipita njia hiyo mapema. Bermuda Hogges, mradi wa wanasoka wa zamani wa Bermuda akina Shaun Goater na Kyle Lightbourne, iliingia daraja la pili la USL mwaka 2007, ikashuka hadi ligi ya vijana na ridhaa mwaka 2010, na baada ya msimu wa 2012 haikuonekana tena.

Haki itendeke, yupo aliyefanikiwa. Puerto Rico Islanders waliingia ligi ya Marekani mwaka 2004, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani, ya 2008-09 na kutolewa na Cruz Azul ya Mexico kwa penalti, kisha Julai 2010 wakaifunga LA Galaxy ya ligi kuu ya Marekani 4-1 huko huko California. Ila wao walikuwa na uwanja wao Bayamón, na Wapuerto Rico ni raia wa Marekani, viza haiwahusu. Puerto Rico ina uanachama wake FIFA ingawa ni sehemu ya Marekani. Sisi Wazanzibari ambao CAF ilitupa uanachama kamili Machi 2017 na kuuchukua Julai mwaka huo huo, habari hiyo tuliisoma mara mbili. Na hata Islanders, baada ya 2012, walifunga milango.

Ndugu Mgeni Rasmi, kutokana na tuliyojifunza tunaleta kwako maombi yafuatayo.

Tunaomba kanuni za FIFA na CAF zinazohusu klabu kucheza katika ligi ya nchi nyingine zipatikane kwa Kiswahili. Ruhusa hiyo hupita kwa vyama vya nchi zote mbili, shirikisho la bara na FIFA, na makatibu wengi wa klabu zetu hawajawahi kuziona karatasi hizo.

Tunaomba mafunzo yajayo yaongezewe somo la bajeti ya safari. Mkataba wowote wa klabu ya kisiwani na ligi ya ng'ambo useme kabla ya mechi ya kwanza nani analipia timu mgeni inapovuka, na uwanja wa nyumbani ni wa nani kwa msimu mzima.

Mwisho, tunaomba utusaidie kupata nafasi za kujitolea katika ofisi za klabu, hasa upande wa hesabu. Wengi wetu tunataka kuwa makocha, lakini baada ya Barracuda wanne kati yetu wamebadili mawazo na wanatafuta kazi ya mhasibu.

Tunaomba kuwasilisha.