Pikipiki zinazolala nje

Habari za jioni wanakikundi. Naomba sote tunaolaza pikipiki nje tusome hadi mwisho.

Kufunga usukani peke yake hakutoshi. Watu wawili wenye nguvu huuvunja, au huinyanyua pikipiki nzima na kuipakia kwenye gari. Kwa hiyo ifungwe kwenye kitu kisichong'oka: nguzo ya chuma, au pete iliyozikwa kwenye zege. Mnyororo upite kwenye fremu au gurudumu la nyuma. La mbele hufunguliwa upesi, mwizi akaliacha hapo na kuondoka na vingine vyote. Tena usiuache ulale chini, maana mwizi atapata pa kuegemezea mkasi wa kukatia vyuma au pa kuupigia nyundo. Wenye uwezo watafute mnyororo wa chuma kigumu, pete zake ziwe na unene wa milimita 16 au zaidi. Grainda itaukata, ndiyo, lakini kwa kelele na cheche, na kelele ndiyo tunayoitaka.

Kufuli la diski, yaani lile linalofungwa kwenye diski ya breki ili gurudumu lisizunguke, ni nyongeza nzuri. Lifungieni kamba ya rangi kali hadi kwenye usukani, msije mkasahau mkaondoka nalo mkaanguka.

Leo hii kila mmoja apige picha ya nambari ya chasisi na ya injini, azihifadhi. Tafadhali zisitumwe humu. Na ukimkuta mtu anaichezea pikipiki yako usiku, usimwendee peke yako. Piga kelele, waite majirani na polisi.